Popo Watatu, Wasiwe Wawili

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa baiolojia kwa waganga na wakunga wa tiba asili, Mwanza, Agosti 31

Mwenyekiti, viongozi wa kata, wazee wangu waganga, mama zangu wakunga, na nyie vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: mwangaluka!

Naona mnaitika kama watu walioshiba. Asanteni.

Leo ni Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, inayoadhimishwa tangu 2003. Barua mliyoniandikia iliniomba nieleze jinsi mwalimu wa baiolojia anavyoitazama dawa ya kienyeji. Nilikaa na barua hiyo siku tatu nikaona mada ni pana mno kwa muda mliyonipa, na mtu akipewa mada pana huishia kusema yale ambayo ukumbi mzima umeshayakubali kabla hajasimama. Nimeipunguza. Nitasema juu ya popo tu. Atakayekasirika anikatie mshahara. Bahati nzuri nimestaafu.

Nianze na nilichokunywa.

Nilikuwa na miaka minane, kijijini kwetu upande wa Misungwi. Kifua changu kilikuwa kikipiga filimbi usiku kucha, na mama alinikalisha nimeegemea gunia la mpunga kwa sababu nikilala chali pumzi zilinikata. Babu akaenda kwa mganga. Akarudi na maagizo mafupi: popo watatu, wasiwe wawili, wachemshwe na chumvi kidogo, mtoto anywe mchuzi kabla jua halijachomoza. Babu akachukua kipande cha wavu mkuukuu wa samaki, akanishika mkono, tukapanda kwenye majabali yaliyo juu ya mashamba, pale penye ufa uliokuwa ukitoa harufu kali. Giza lilipoanza kuingia na popo kuanza kutoka, akautandaza wavu mdomoni mwa ufa. Kabla chai haijachemka, watatu walikuwa wameshanasa.

Wa tatu alikuwa na mtoto kifuani. Kitoto chenyewe hakikuwa na manyoya, kimeng'ang'ania titi la mama yake, macho kimefumba. Nikamwuliza babu kama huyo tumwachie. Babu akafikiri, akasema mganga hakusema lolote juu ya mwenye mtoto, kwa hiyo anahesabika mmoja. Babu yangu ndivyo alivyokuwa, akipewa maagizo hayapunguzi wala hayaongezi.

Nikanywa. Wiki mbili kifua kikatulia, na kijiji kizima kikapata habari. Wiki ya tatu filimbi ikarudi, nasi tukarudi kwenye ufa. Mwaka ule tulikwenda mara tatu. Majirani wenye watoto wa pumu nao wakaanza kwenda, maana habari ya dawa ina miguu mirefu kuliko habari ya dawa iliyoshindwa. Nilipofika darasa la saba ule ufa haukuwa na harufu tena.

Na pumu yenyewe? (Hapa nilitoa pampu mfukoni, nikaivuta mbele yao.) Hii hapa. Bado naishi nayo.

Sikuja kumshitaki mganga yule. Alikuwa mtu mwema, hakumdai babu hata kuku. Nimekuja kwa sababu nimefundisha miaka thelathini na nne na bado kuna mzazi aliyenijia mwaka jana kuniuliza popo wa dawa wanapatikana wapi siku hizi, kwa kuwa kule kwao wamekwisha. Hakuniuliza kama dawa inafanya kazi. Aliuliza wapi.

Pumu ni ugonjwa wa kuja na kuondoka. Unabana siku tano, unaachia wiki tatu, hata usipoguswa. Sasa yeyote atakayempa mtoto kitu usiku ule wa mwisho wa kubana atakuwa ndiye aliyeponya. Ningempa mtoto maji ya chaki, ningeitwa daktari. Kifafa nacho vivyo hivyo: degedege linaanguka, linakwisha lenyewe baada ya dakika chache, na aliyekuwa ameshika kitu mkononi wakati huo anaondoka na sifa. Nyie wazee mnalijua hili kuliko mimi, kwa sababu mnakaa na wagonjwa miaka mingi. Mganga mzuri ni yule anayekumbuka pia waliorudi.

Nilipokuwa chuoni nilianza kusoma habari za popo katika tiba za mataifa mengine, nikitaka kujua kama babu alikuwa peke yake. Hakuwa peke yake. Huko Bolivia watu hununua popo sokoni ili wanywe damu yake kwa ajili ya kifafa. Wachina kwa karne nyingi wametumia mavi makavu ya popo kwa magonjwa ya macho, na jina walilokipa kitu hicho maana yake ni mchanga unaong'aa usiku. India na Pakistani mafuta ya popo mkubwa wa matunda hupakwa kwenye viungo vinavyouma, na wengine huyatumia kwa pumu.

Hiyo ya pumu ilinisumbua, nakiri. Mtu wa India na babu yangu hawakuwahi kukutana. Iweje wote wawili wafike kwa popo kwa ugonjwa uleule? Nililifikiria jambo hili muda mrefu. Kisha jioni moja nilikuwa nimekaa nje, kifua kinanibana, nikawa nawatazama popo wakikata hewa huku na huku bila kupumzika, nikajikuta ninawaonea wivu. Mnyama anaruka usiku mzima na hahemi! Nadhani hapo ndipo dawa ilipozaliwa, kwetu na kwa Wahindi. Mgonjwa alimtazama mwenye kile alichokikosa yeye. Aliyeumwa macho alimtazama popo akamwona anatembea gizani asigonge ukuta. Hii ni dawa ya mfano, na mifano ni mizuri, mimi mwenyewe nimeishi kwa kufundisha kwa mifano. Lakini mfano haushuki tumboni.

Jani ni jambo jingine, na hapa nisieleweke vibaya. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Dawa mseto ya malaria tunayomeza leo ina kitu kilichotolewa kwenye mmea ambao Wachina waliuandika katika vitabu vyao vya zamani, na mwanasayansi Tu Youyou akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Jani lina sumu na utomvu wake wa kujikinga na wadudu, ndiyo maana laweza kuwa dawa. Nyama ya popo ni nyama. Ukiichemsha unapata mchuzi wa nyama.

Sasa tupige hesabu, maana mwalimu hawezi kumaliza bila ubao.

Watu wengi wanamchukulia popo kama panya mwenye mabawa. Wanasema mnyama mdogo kiasi hiki atazaana tu, hawezi kwisha. Panya jike huzaa watoto sita, wanane, hata zaidi, na kabla ya mwaka kwisha wajukuu wameshaanza kuiba mahindi. Popo jike huzaa mtoto mmoja. Mmoja! Aina nyingi huzaa mara moja kwa mwaka, chache mara mbili, na mapacha ni nadra. Mtoto hunyonya kama ng'ombe wako anavyonyonyesha ndama. Kwa hiyo Mungu alimpa popo njia nyingine ya kudumu, nayo ni kuishi muda mrefu. Huko Siberia kuna popo mmoja wa gramu 7 tu, mwepesi kuliko barua, aliyenaswa tena miaka 41 baada ya kuvishwa alama mguuni. Mnyama wa namna hiyo anajaza pango polepole sana, kama mtu anayejaza pipa kwa kijiko. Babu na wavu wake walikuwa wanachota kwa ndoo.

Mwaka 2016 wataalamu waliokusanya taarifa za dunia nzima waliandika kwamba aina zisizopungua 167 za popo zinawindwa kwa kitoweo na dawa, na wanaoonewa zaidi ni popo wakubwa wa matunda. Huko Ghana, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba popo zaidi ya 128,000 wanauzwa na kuliwa kila mwaka, wote wa aina moja, yule mwenye shingo ya rangi ya majani makavu. Aina hiyo tunayo. Mabawa yake yakitandazwa hufikia sentimita 75, uzito wake robo kilo au kupita kidogo. Kila mwaka mamilioni yao hukusanyika Kasanka, Zambia, kuanzia Oktoba hadi Desemba kufuata matunda ya msimu, halafu hutawanyika tena juu ya bara hili bila kuonyesha pasipoti. Unaweza kumpiga manati hapa Ilemela ukawa umepunguza kundi la Zambia.

Wenzetu wa Pemba walifika mwisho wa njia hii wakageuka. Popo wao mkubwa, ambaye duniani kote hapatikani ila Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amebaki kidogo mno kwa bunduki na kwa kukatwa misitu. Wanavijiji wakaanzisha vikundi vya kumlinda, pale Kidike wakawa wanatoza wageni wanaokuja kumtazama, na baada ya miaka isiyozidi ishirini walihesabiwa zaidi ya 20,000. Msiniulize kuhusu Popobawa, yule jini wa simulizi za visiwani. Huyo ni mwingine, na kumlinda si kazi yangu.

Nataka nikae kidogo kwenye miti, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana na nyie kwa upendo.

Nani humu ndani anatumia mkuyu? Naona mikono. Mwegea? Mikono mingi. Mvule? Wachache, lakini wapo, na fundi wa mitumbwi yule pembeni ameinua mikono miwili. Mbuyu siulizi.

Maua ya mbuyu hufunguka jioni. Ya mwegea vilevile, yananing'inia kwenye kamba ndefu, mekundu meusi, yana harufu isiyompendeza nyuki. Yanamsubiri nani saa hizo? Popo huja kulamba utamu wake, uso ukapakaa chavua, akaipeleka kwa mti mwingine, na tunda likashika. Mkuyu unazaa tini. Popo anakula tini mti huu na kwenda kunya mbegu kule, juu ya jabali, kwenye kichuguu, kwenye shamba lililoachwa. Mvule ndio usiseme: mbegu zake hupandwa zaidi na huyo popo wa shingo ya majani makavu. Wachunguzi waliomvisha vyombo vya kumfuatilia kule Ghana wameona kwamba anaweza kubeba mbegu tumboni hadi kilomita 75 kabla hajaiangusha. Hiyo ni zaidi ya kutoka hapa hadi Magu. Kuna bwana miche gani wa halmashauri anayetembea Magu kila usiku, kwa miguu yake, bila posho?

Mnalalamika kwamba magome siku hizi yanapatikana mbali. Mmoja wenu aliniambia anavuka kwenda Sengerema kutafuta gome ambalo baba yake alikuwa anabandua nyuma ya nyumba. Wakata mkaa wana sehemu yao kubwa katika jambo hili, sikatai. Lakini mganga anayeagiza popo kwa ajili ya mchuzi anamchinja mpanda miti wake. Duka lake la dawa linajazwa usiku na mtumishi ambaye yeye mwenyewe anamtia sufuriani.

Kwa wakulima wa pamba nina jambo moja la haraka. Huko Texas, Marekani, mwaka 2006 wataalamu walifanya hesabu ya popo wadogo wanaokula nondo wa funza wa vitumba, wakaona kwamba katika eneo la wilaya nane tu popo wanawaokolea wakulima kama dola 740,000 kwa mwaka. Funza wetu ni ndugu wa yule wa kwao. Na popo wadogo wa kwenye majabali yetu kazi yao ni hiyo, pamoja na kuwapunguza wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kutuingia puani.

Nifike kwenye lile ambalo mmekuwa mkilisubiri, kwa sababu tangu nitaje popo nimemwona mama mmoja wa mstari wa mbele akijifunika mdomo kwa khanga.

Marburg. Machi 2023 ugonjwa huu ulitangazwa kwa jirani zetu wa Kagera. Wagonjwa tisa, wakafa sita. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hiyo Biharamulo; wagonjwa kumi, wakafa wote. Jina lake limetokana na mji wa Ujerumani ulikotambuliwa mwaka 1967, baada ya wafanyakazi wa maabara kuugua kwa kushika tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Na kwa miaka kadhaa wataalamu walikiita kirusi hiki rasmi kwa jina la ziwa letu, Lake Victoria marburgvirus, mpaka walipobadilisha. Sijui kama mkuu wa mkoa yeyote aliwahi kushukuru kwa heshima hiyo.

Kirusi chenyewe hukaa ndani ya aina moja ya popo wa matunda, anayelala mapangoni na kwenye mashimo ya migodi. Hakimuui. Kinaishi naye. Binadamu hukipata akiingia na kukaa kwenye mapango hayo, au akigusa damu, mate, mkojo. Kisha mtu humpa mtu, kwa majimaji ya mwili, wakati wa kuuguza na kuosha maiti. Hakuna chanjo iliyoidhinishwa. Mchuzi uliochemka sawasawa hauna kirusi tena. Hatari ilikuwa mikononi mwa babu, wakati ananasua wavu na popo anamng'ata kidole, na mikononi mwa mama, wakati anachuna ngozi. Mimi niliyekunywa ndiye niliyekuwa salama kuliko wote watatu. Na mganga? Yule anayekausha, anayesaga, anayepokea popo mbichi mlangoni kwa wavulana mara tatu kwa wiki, huyo anakutana na damu ya popo kuliko mwindaji yeyote.

Basi nasikia minong'ono: kama ni hivyo, si tuwachome moto wote huko huko mapangoni? Hilo limeshajaribiwa, na si mbali. Pale mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, mwaka 2007 wachimbaji waliugua Marburg. Baadaye popo wa mgodi ule waliuawa maelfu kwa maelfu na milango ikazibwa. Mwaka 2012 ugonjwa ukalipuka tena eneo lilelile. Wataalamu waliporudi mgodini wakakuta popo wachache wamehamia upya. Mara ya kwanza wenye kirusi walikuwa kama asilimia 5. Safari hii walikuwa asilimia 13. Ukiua kundi lililozoeana na ugonjwa wake, wanaingia wageni ambao bado hawajaugua, wengi wao vijana, na kirusi kinapita kwao kama surua inavyopita darasa la kwanza.

Kwa hiyo mimi sina upande wa mama mwenye khanga wala wa babu yangu. Mmoja anataka popo afe kwa sababu ni dawa, mwingine anataka afe kwa sababu ni sumu. Pango liachwe lilivyo. Watoto wasiingie humo. Anayeokota popo ameanguka asimshike kwa mkono mtupu.

Sheria ipo, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kuwinda mnyamapori bila kibali, na nyie wenyewe mmesajiliwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, usajili ambao hamtapenda kuupoteza kwa ajili ya mchuzi. Nimeitaja, nimemaliza. Sijawahi kuona mwanafunzi aliyeelewa somo kwa kuonyeshwa fimbo.

Baada ya kufika hapa, mzee mmoja wa Igoma aliinuka bila kusubiri muda wa maswali. Akasema: "Mwalimu, nimekusikia. Lakini mama akija kwangu usiku na mtoto anayehema hivyo, na ameambiwa na mama mkwe wake kwamba dawa ni popo, mimi nikimwambia popo si dawa ataondoka aende kwa mwingine atakayempa. Nimefanya nini hapo?"

Ukumbi ulimpigia makofi, nami nilipiga. Nikamjibu hivi: Mzee wangu, usimwambie popo si dawa. Mwambie umewekewa mwiko. Nyie mna miiko ya kila namna, ya kutovuka mto, ya kutogusa chumvi, ongezeni mmoja. Halafu mkalishe mtoto wima, mlegeze nguo, mfungulie dirisha, na mpeleke kituo cha afya usiku uleule, wewe mwenyewe ukiwa mbele. Wakipewa pampu, akapumua, mama yule atasema mganga wa Igoma ndiye aliyemponya mwanangu, nami sitambishia. Wa kifafa naye aende, kuna vidonge vya bei ndogo vya kumeza kila siku, na ukimkumbusha wewe kumeza atakusikia kuliko anavyomsikia nesi.

Mzee akakaa. Akainuka tena akauliza kama mwiko huo uanze leo au baada ya kumaliza alionao. Nikamuuliza anao wangapi. Akasema wawili. Watu wakacheka mno, kwa sababu wote walikuwa wanaikumbuka hesabu ya babu.

Mwisho, vijana mliokuwa mkitafuta kitu cha kufanya: mkuyu ulio ng'ambo ya barabara umeiva wiki hii. Popo wa matunda huanza kuufikia kama saa moja na robo usiku. Anayetaka kuwaona abaki. Tutasimama hapa kwenye ngazi za ukumbi, mbali nao, bila tochi na bila manati. Mwenyekiti, naomba taa za nje zizimwe.